Miguu Minne ya Kitanda cha Mama Mkwe

Ukitaka kumjua Kiraka, usihangaike na uso wake, tazama vitu vyake. Feni yake ina mapanga matatu, mawili ya kiwandani na moja alilolikata mwenyewe kwenye kopo la rangi, kwa hiyo upepo wake unakuja kwa kigugumizi. Pasi yake ina mpini wa sufuria. Redio haisemi mpaka iwekewe tofali juu, na usilete tofali lolote tu, inataka lile lile. Majirani walikuwa na msemo wao: kitu kikipita mikononi mwa Kiraka hupona, ila hakisahau ugonjwa.

Jina hilo alipewa na mtaa, akalipokea kama cheo. Kabla ya kustaafu alikuwa msoma mita za maji, na kazi hiyo ndiyo iliyomharibu. Mita hukaa nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba ndiko watu wanakotupa vitu vilivyokufa. Kiraka akawa anasoma mita kwa jicho moja, la pili liko kwenye mashine ya kufulia iliyolala ubavu karibu na ukuta. "Samahani, hii bado mnaitumia?" Alipostaafu alirudi nyumbani na goti bovu, alilopewa na mbwa mmoja asiyependa wageni, pamoja na vyuma vya kujaza chumba kizima. Chumba hicho cha mwisho, chenye dirisha pana, ndicho akakiita karakana. Mkewe alikiita jalala hadi siku alipogundua kwamba na yeye anafanya kazi humo.

Ilikuwa hivi. Mkewe ni fundi wa kushona sare za shule. Alipopata cherehani ya umeme, ile ya zamani ya kukanyaga kwa mguu ikabaki inakusanya vumbi. Kiraka akaichukua, akang'oa kichwa, akaacha meza, gurudumu na pedeli, kisha akafunga juu yake vyuma viwili vya kushikilia gogo kutoka huku na huku. Ukikanyaga pedeli, mkanda unavuta, gogo linazunguka; ukilisogezea patasi, linachongeka mviringo. Mashine ya kukereza, na haikula hata bolti moja ya dukani. Ilikuwa na kasoro moja tu. Mwenye kushika patasi anatakiwa asimame imara kwa miguu miwili, na Kiraka, kwa goti lile, alikuwa na mguu mmoja na robo. Akijaribu kukanyaga na kuchonga kwa wakati mmoja alitikisika mwili mzima, na gogo lilitoka kama lililotafunwa.

Basi mkewe akawa anakaa kwenye kigoda pembeni, anakunja pindo la sketi za wanafunzi kwa mkono, na mguu wake wa kulia unaendesha mashine ya mumewe. Kila siku baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wametengeneza hivyo michi, vishikio vya milango, na kinara cha taa ambacho hakuna aliyekiomba.

Fundi wa kweli atakwambia kwamba umbo la mti liko mkononi mwa mchongaji, halina uhusiano na mguu wa mkanyagaji. Atakuwa amesema kweli, kwa upande wa mafundi wa kweli. Kiraka alijifunza ufundi akiwa na nywele nyeupe, na mashine yake haikuwa na kitu cha kutuliza mwendo. Mguu wa mkewe ukienda kwa raha, gogo lilizunguka kwa raha na patasi ikatii. Mguu ukikasirika, gogo liliruka mbio, patasi ikala mti kabla Kiraka hajapepesa jicho. Kwa michi haikuwa na neno. Mchi mwembamba ni mchi.

Mambo yalibadilika siku mkewe alipoweka simu chini na kusema, "Mama anakuja."

"Karibu yake," alisema Kiraka. "Anakuja kusalimia?"

"Anakuja kukaa."

Kiraka aliuliza kwa upole atakaa chumba gani, na mkewe akatazama upande wa karakana. Yako mambo ambayo mume wa miaka mingi hahitaji kuelezwa. Kile chumba kingine, alichokiacha binti yao alipoolewa, kilikuwa chembamba kama ujia. Kitanda chochote cha dukani kikiingia humo, mlango haufungi. Karakana ilikuwa na nafasi na dirisha.

"Nitamtengenezea kitanda," alisema Kiraka haraka. "Cha kipimo cha chumba kile kile. Kitaingia kama droo."

"Wewe?"

"Mimi na wewe."

Mkewe alifikiri, sindano ikiwa mdomoni. Kisha akatoa masharti, kama mtu aliyekuwa nayo tayari. Kitanda kiwe kimesimama kabla ya Jumamosi, siku ambayo mdogo wake wa kiume atamleta mama. Kiwe na miguu ya mviringo, kwa sababu mama akiamka kwenda msalani hugonga muundi kwenye kila kona iliyopo duniani. Na miguu hiyo ifanane, isiwe kitu cha kumfanya mama aulize maswali. "Kikiwa kizuri, karakana ni yako, sitaitaja tena. Kikiwa cha aibu, Jumamosi jioni unatoa hivi vyuma vyote uani, naenda kununua kitanda cha duka, na mama analala hapa."

"Uani kuna mvua," alisema Kiraka.

"Basi tengeneza kitanda kizuri."

Nisikufiche, aliogopa. Alikuwa na mbao za kutosha za ubavuni na chaga, lakini mti mgumu wa kufaa miguu ulikuwa vipande vitano tu, alivyokata kwenye boriti ya nyumba iliyobomolewa: vinne vya kazi na kimoja cha akiba.

Mguu wa kwanza ulitoka siku hiyo hiyo, na ulitoka kwa kicheko. Mkewe alikuwa anasimulia mwalimu mmoja aliyeleta suruali ya mumewe ipanuliwe kiuno mara ya tatu, anasimulia huku anakanyaga taratibu, na Kiraka anacheka bila kuinua macho. Walipomaliza, mguu ulikuwa mnene, laini, na tumbo zuri katikati, kama wa kiti cha mkuu wa wilaya. Mkewe aliupapasa, akasema, "Kumbe unaweza."

Angenyamaza hapo. Mtu akishasifiwa na mkewe, busara ni kunyamaza na kwenda kunawa mikono. Lakini siku ya pili, gogo la pili likiwa ndiyo kwanza linazunguka, Kiraka aliuliza, "Hivi Mama atakaa kwa muda gani?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Unauliza tu kwa nini?"

"Si wanasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Akacheka mwenyewe. Alikusudia mzaha, naapa kwa niaba yake.

Pedeli ilinyamaza kwa muda mfupi sana. Kisha ikaanza tena, na haikuwa ile pedeli. Mkanda ulipiga kelele, meza ikatembea, maranda yakamrukia Kiraka machoni, ndevuni, ndani ya shati. "Mke wangu, polepole!" "Si unataka mguu? Huu hapa mguu!" Alipofanikiwa kuitoa patasi, gogo lilikuwa limekwisha kuwa jembamba, na shingo yake imekatwa kama ya chupa. Mkewe alikusanya sketi zake na kuondoka. Kiraka alisimamisha miguu miwili juu ya meza. Mmoja mnene, mwenye afya. Wa pili mwembamba, kama ndugu yake aliyetoka kuugua.

Mti mnene unaweza kupunguzwa, mti mwembamba haunenepi. Hata yeye alilijua hilo. Lakini alikuwa na kipande cha akiba, akajipa moyo kwamba atautupa ule mwembamba na kuanza upya. Tatizo likawa mguu wa kukanyagia. Mkewe hakugomba; alinuna, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Chai ilikuja mezani, sahani ikawekwa taratibu mno, na alipoulizwa kama atakuja karakana alisema ana sare za shule nzima.

Ndipo Kiraka akaitoa mota ya ile mashine ya kufulia aliyookota kazini.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwepo. Ni kinyozi, na wateja wake wakiwa wachache hutembelea watu ili asisahau kuongea. Alimsaidia kuifunga mota kwenye mashine kwa nyaya na vipande vya mpira wa tairi, akasimama nyuma, akakunja mikono. "Shemeji, hii si inazunguka mno?"

"Mota ni mota," alisema Kiraka, akawasha.

Gogo halikuzunguka hata kidogo kwa namna ya kuonekana. Lilikuwa pale, likawa ukungu, likawa halipo. Lilipita dirishani bila kugusa fremu, likavuka uzio, na wakasikia kishindo, kisha sauti ya jirani mama muuza mkaa: "Nani huyo anayeturushia vita?" Lilikuwa limetua kwenye beseni lake la nguo, likalitoboa, likapasuka kwa urefu. Kiraka alipeleka beseni lake mwenyewe kama fidia, alilolitia kiraka kwa bati. Mama muuza mkaa alilipokea kwa ncha za vidole.

"Sasa shemeji," alisema kinyozi waliporudi, "lile gurudumu kubwa la mbao pale juu kwenye rafu, lenye mfereji wa mkanda, si kapi lile? Ukifunga kapi kubwa, mwendo si unapungua? Kama kwenye baiskeli."

Kiraka alilitazama kapi kana kwamba limeingia sasa hivi kwa mguu. "Hilo halifai."

"Halifai vipi? Linaonekana limechongwa kwa ajili ya..."

"Shemeji, nimesema halifai. Tena njoo nikuulize jambo lingine."

Jambo lenyewe ndilo hili. Akiba imekwenda. Mguu mwembamba hauwezi tena kutupwa, kwa hiyo mwembamba ndio kipimo. Mingine yote lazima ishushwe ifanane nao. Na mwembamba ule ulichongwa kwa hasira. Ili ifanane, alihitaji hasira ile ile, kwa kiwango kile kile, mara tatu. Kumfurahisha mkewe mchana mzima kulihitaji kipaji ambacho hakuwa nacho. Kumkasirisha, hata mtoto anaweza. Lakini kumkasirisha kwa kipimo, hilo lilitaka ushauri wa mtu aliyekua naye.

Kinyozi alijikuna kidevu. Alijua hatari yake, lakini mtu kukuomba siri za dada yako ni heshima. "Mwambie habari za ndoo," alisema hatimaye. "Ile ndoo aliyoidondosha kisimani akiwa msichana, akasema nimeidondosha mimi. Hapendi. Na ukitaka zaidi, mwambie sare za dukani siku hizi zina mshono mzuri."

Siku iliyofuata Kiraka alimwomba mkewe msamaha wa mgeni na jembe, akamwomba aje akanyage, naye akaja, bado shingo upande. Gogo la tatu likawekwa. Kiraka akasubiri lishike mwendo, akakohoa.

"Nilipita dukani jana. Sare zao zina mshono mzuri sana."

Pedeli ikalia. Patasi ikala. Kiraka, akiwa amekaza meno na kufumba jicho moja, aliongoza kwa furaha ya siri. Hasira ilipoonekana kutaka kupoa, akaongeza, "Hata vifungo havidondoki." Mguu ulipotoka aliuweka kando ya ule wa pili. Pacha. Mama yao mzazi asingewatofautisha. Moyo wake uliruka, akajiona mtu mwerevu kuliko wote waliowahi kusoma mita.

Siku ya Ijumaa ilibaki kazi ya kuushusha ule mguu mnene wa kwanza na kuchonga wa nne. Mkewe alikaa kwenye kigoda. Kiraka alianza na mnene. Akaufunga, ukaanza kuzunguka, tumbo lake zuri likimeremeta. Akasema, bila kumtazama mtu, "Nasikia zamani kuna ndoo ilidondoka kisimani."

Pedeli ilisimama. Gogo likazunguka peke yake kidogo, likasimama nalo.

"Hiyo ndoo," alisema mkewe polepole, "kuna watu wawili tu duniani wanaoijua. Mmoja ni mimi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kinyozi ni fupi zaidi, kwa sababu duka lake liko mkabala. Mkewe alichungulia dirishani akaita mara moja tu. Kinyozi alikuja na kitana mkononi, akamwona dada yake, akamwona shemeji yake anamfanyia ishara kwa nyusi, na akasema yote kabla hajaulizwa. Alisema habari za ndoo. Alisema habari za sare za dukani. Alisema kwamba yeye binafsi hakuunga mkono. Kisha, kwa kuwa woga ukishafungua mdomo haujui pa kufunga, akasema, "Na mimi nilimwambia afunge kapi kubwa, lile pale juu, mota iende polepole asisumbue watu, akakataa!"

"Kapi gani?"

Kinyozi alilionyesha kwa kitana, akarudi dukani kwake akisema ana mteja nusu kichwa.

Mkewe aliinuka, akalitoa kapi rafuni. Lilikuwa limechongwa vizuri kupita kitu chochote kilichokuwemo chumbani, limepigwa msasa, limepakwa mafuta, na juu yake kuna vumbi la siku nyingi. "Hili ulilitengeneza lini?"

"Zamani kidogo."

"Kabla ya kunikalisha kwenye kigoda?"

"Baada. Baada kidogo."

"Kwa hiyo mota ingefanya kazi."

"Ingefanya."

"Miaka yote hii nakanyaga! Mguu huu wa kulia umekuwa mnene kuliko wa kushoto, viatu vinanibana upande mmoja, na wewe una kapi rafuni! Halafu unanichokoza makusudi, unanipima hasira kama maji ya bomba!" Alilishika kapi kwa mikono miwili na Kiraka alirudi hatua moja nyuma. "Kwa nini? Sema. Usinitajie mota."

Kiraka alitafuta kitu cha kushika, akashika msasa. Hakuwa mtu wa maneno ya namna hiyo, na kila neno lilitoka kama msumari uliopinda.

"Nilipokuwa kazini sikuwa na mtu wa kuongea naye. Nilikuwa naongea na mita. Nikasema, nikistaafu nitakaa nyumbani na mke wangu. Nikastaafu. Nikakuta una cherehani ya umeme, inaunguruma asubuhi hadi jioni, na umenipa mgongo. Nikikusemesha unasema subiri nimalize mshono. Siku ulipokaa hapa kunikanyagia, tukaongea. Siku ya pili tukaongea. Nikalichonga hilo kapi, nikalimaliza, nikataka kulifunga. Nikaona nikilifunga, utaondoka." Akausugua msasa kwenye kidole bila kujua. "Na sasa Mama anakuja. Utakuwa unakaa naye, na haki yako. Ndiyo maana nikauliza atakaa muda gani. Hilo la jembe sikukuchokoza. Hilo niliogopa kweli."

Mkewe alikaa tena kwenye kigoda, kapi mapajani. Nje mama muuza mkaa alikuwa anamlalamikia mtu kuhusu beseni.

"Ungesema tu nije nikae," alisema.

"Ningesemaje?"

"Njoo ukae. Maneno mawili, mzee mzima."

"Ungekuja?"

"Ningekuja na sketi zangu." Akapangusa jicho kwa pindo la sketi ya mwanafunzi wa watu. "Mimi naogopa zaidi yako. Mama anakuja, na mimi nina sare za shule nzima. Nitampa huo huo mgongo. Nimemwekea chumba, nimempangia kitanda, lakini muda wa kukaa naye sina. Ukanitajia jembe, nikaona umenichungulia moyoni." Akaliweka kapi sakafuni, akalisukuma chini ya meza kwa mguu. "Weka gogo la nne. Huo mnene uache, usiuguse. Huo ni mzuri."

Gogo la nne likazunguka. Mguu wa mkewe ulikwenda taratibu, patasi ikatii, na maranda yakatoka marefu, yamejikunja, yakaanguka juu ya viatu vyao. Ulipotoka ulikuwa mnene, laini, una tumbo katikati. Sasa walikuwa na miwili minene na miwili myembamba, na jioni imeingia, na mti umekwisha.

"Minene kichwani, myembamba miguuni," alisema Kiraka. "Mama akiuliza, tutasema ndiyo mtindo."

"Mama atauliza."

Jumamosi mama mkwe alifika, ameketi wima kwenye kiti cha mbele cha gari la kuazima, kinyozi akiendesha huku anamkwepa dada yake kwa macho. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka kitu chenyewe kijieleze. Alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba chembamba. Kitanda kilikuwa kimeingia kama droo, kama Kiraka alivyoahidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama mkwe, kwa umri wake wote, aliinama. Alipapasa mguu wa kichwani. Akapapasa wa miguuni.

"Hii miwili ilikuwa inaumwa?" aliuliza.

"Ndiyo mtindo, Mama," walisema mume na mke kwa pamoja.

Mama mkwe aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaacha. Akakaa kitandani. Akajitupa kidogo, makusudi. Akalala chali, mkoba kifuani, akajigeuza upande huu na upande huu. Kitanda hakikulia hata kidogo. Kiraka alikuwa ameshikilia fremu ya mlango, anahesabu pumzi, na mkewe akamfinya mkono kwa siri: karakana imepona.

"Kitanda kizuri," alisema mama mkwe. "Aliyekitengeneza ana mikono. Shida ni chumba."

"Chumba kimefanyaje, Mama?"

"Hakina mtu." Aliinuka, akatoka na mkoba wake, akafuata ujia akichungulia kila mlango, wao wakimfuata nyuma. Alifika karakana. Aliitazama mashine, kigoda, sketi zilizokunjwa nusu, redio na tofali lake, maranda sakafuni. "Hapa ndipo mnapokaa?"

"Mchana, ndiyo," alisema mkewe.

"Basi kitanda changu kiwekeni hapa."

Kinyozi alianza kutazama kucha zake. Mkewe Kiraka alifungua mdomo, akakumbuka masharti yake mwenyewe, akaufunga, akamgeukia mumewe kwa macho ya kumwomba radhi.

"Mama," alisema Kiraka, "humu kuna kelele. Kuna vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye chai."

"Kwangu kulikuwa na kimya na usafi," alisema mama mkwe. "Tangu baba yenu afe. Nimevichoka, mwanangu. Usinipeleke pengine penye kimya."

Kiraka aliusimamia msimamo wake kwa muda wa kama kumeza mate. Alikuwa ameipigania karakana hii wiki nzima, kwa uongo, kwa mota, kwa hasira ya kuazima, na alijua kwa nini aliipigania. Sasa amesimama mbele yake mtu mwingine mwenye sababu ile ile, tena yeye ameisema kwa kinywa chake bila kuchonga kapi wala kumchokoza mtu. Aliona haya, na alifurahi, vyote viwili kwa pamoja.

"Shemeji," alimwambia kinyozi, "shika rafu upande ule."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Mota ikaenda chumba chembamba, na mapipa ya nati, na mashine ya kufulia isiyo na moyo, na feni tatu zilizokuwa zinasubiri kufufuliwa. Kitanda kilivutwa kikapita ujia, kikawekwa chini ya dirisha pana, na kikala ukuta wote wa upande ule. Kwa Kiraka ilibaki nusu ya karakana, nusu yenye mashine na kigoda. Akijigeuza vibaya na ubao mrefu alimgusa mama mkwe begani, na ilitokea mara mbili kabla jua halijazama.

Mkewe alikaa kwenye kigoda na sketi. Kiraka alifunga kipande cha mti mwepesi, kwa ajili ya mkongojo ambao mama mkwe alikuwa ameshauagiza akiwa bado hajavua viatu. Pedeli ikaanza, taratibu, na mama na binti wakaingia kwenye habari za watu wa zamani, nani aliolewa na nani alikosa kuolewa, na habari ilikuwa nzuri hadi mguu ukasahau kazi. Gogo likapunguza mwendo, likataka kusimama, na Kiraka akasubiri, patasi mkononi, bila kusema kitu.

"We mtoto," sauti ilitoka kitandani, "mbona mguu umelala? Kanyaga. Mwenzio anakungoja."

Mkewe akakanyaga.